Vito vya Wanawake wa Tibet: Hazina ya Kufungiwa au Mali ya Kutumiwa?

Mwaka 1936 na 1937 Frederick Spencer Chapman, aliyekuwa katibu katika ujumbe wa Uingereza mjini Lhasa, mji mkuu wa Tibet, alipiga picha nyingi za wakuu wa mji ule na wake zao. Ukizitazama picha za wanawake, jicho linakwenda kichwani kwanza. Pale pana patruk, fremu ya mbao iliyofungwa kitambaa chekundu, yenye pembe zilizochomoza, ikiwa imejaa marijani, feruzi na lulu ndogondogo, huku nywele za kuongezea zikining'inia kutoka kwenye ncha zake. Pembeni mwa uso kuna akor, vipuli vya dhahabu na feruzi vizito kiasi kwamba ndewe la sikio lisingevihimili, hivyo hushikizwa kwenye nywele. Kifuani kuna gau, kijaluba cha hirizi kilichofuliwa kwa umbo la miraba miwili iliyopishana mpaka ikawa kama nyota. Chini yake kuna shanga za marijani, lulu, na akiki zenye michoro ambazo Watibet huziita dzi. Sehemu kubwa ya utajiri wa nyumba nzima ilibebwa na mwili wa mtu mmoja.

Leo vito vya aina hiyo vimetapakaa duniani. Vipo Newark, Marekani, ambako makumbusho ya mji yalianza kukusanya vitu vya Tibet mwaka 1911 kupitia kwa daktari mmisionari Albert Shelton. Vipo London na Liverpool. Vipo katika makabati ya wakusanyaji binafsi wa Ulaya, Taiwan na China. Na vingi havipo tena kama vilivyokuwa: dhahabu iliyeyushwa, mawe yakatungwa upya katika mikufu ambayo hakuna bibi wa Lhasa ambaye angeitambua.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Kuna wanaosema kutawanyika huku ni msiba wa utamaduni usiofidika, na kwamba kila kilichosalia kinapaswa kukusanywa, kiandikwe na kilindwe. Kuna wanaojibu kwamba mapambo haya hayakutengenezwa ili yadumu yakiwa mazima. Yalikuwa akiba ya mwanamke, na akiba hutumika. Na kuna sauti ya tatu, ya serikali ya China, ambayo kwa miaka mingi imesema kuwa vito vile vilikuwa jasho la watwana lililogeuzwa dhahabu, kwa hiyo kuvililia ni kulilia ukabaila.

Kila upande una ukweli wake, nami sitaki kuupunguza. Ila naamini mjadala umekaa vibaya kwa sababu unauliza vito vilikwenda wapi, badala ya kuuliza nani aliamua viondoke.

Tuanze mbali kidogo. Zama za dola ya Tibet, kati ya karne ya 7 na ya 9, vitabu vya historia ya nasaba ya Tang ya China vinasema kwamba maofisa wa Tibet walivaa alama za vyeo, na alama ya cheo cha juu kabisa haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya jiwe la buluu ambalo baadhi ya wasomi hulichukulia kuwa feruzi. Dhahabu ilifuata, kisha fedha iliyopakwa dhahabu, kisha fedha, kisha shaba. Mpangilio huo unaeleza mengi. Mpaka karne ya 20, sonara wa Lhasa alitumia dhahabu kama kitanda cha feruzi, akiifua, akiinyoosha iwe nyuzi nyembamba, akiitia chembechembe pembezoni, lakini macho ya mnunuzi yalikuwa kwenye jiwe. Metali ilikuwa inalihudumia.

Na mawe yenyewe yalitoka mbali. Tibet haina bahari, lakini kito chake kipendwacho ni marijani nyekundu ya Bahari ya Mediterania, iliyovuliwa pwani za Italia na Afrika Kaskazini na kupitishwa kwa wafanyabiashara mpaka milimani. Marco Polo, katika habari zake za karne ya 13, anasema marijani ilikuwa ghali sana Tibet kwa sababu watu walipenda kuivisha shingo za wanawake wao na za sanamu zao. Feruzi nzuri ilitoka Uajemi, kando ya ile iliyochimbwa Tibet yenyewe na nchi jirani. Kaharabu ilitoka Burma na pwani ya Baltiki. Lulu zilipitia India. Fedha ilipatikana kwa kuyeyusha vipande vya Kichina na rupia za India, zile zile zenye sura ya Malkia Victoria zilizozunguka pia Zanzibar na Mombasa katika miaka hiyo hiyo. Na mikono iliyofua sehemu kubwa ya kazi bora za Lhasa haikuwa ya Watibet. Ilikuwa ya masonara wa Kinewar kutoka bonde la Kathmandu nchini Nepal, walioishi Lhasa vizazi kwa vizazi, wakifanya biashara na kufua dhahabu kwa ajili ya mahekalu na majumba. Katika jamii ya Kitibet wenyewe, mhunzi wa chuma alihesabiwa miongoni mwa watu wa chini kabisa.

Nataja haya kwa sababu wale wanaozungumzia vito vya "asili" ya Tibet, kana kwamba vilichipuka mlimani na havikuguswa mpaka wageni walipofika, wanaanza na picha isiyo sahihi. Mapambo haya yalizaliwa na biashara. Yaliingia Tibet yakiwa bidhaa, yakawa vitu vitukufu baada ya kufika.

Na utukufu huo ulikuwa wa kweli. Watibet wana imani kwamba mtu ana bla, nafsi inayoweza kumtoka akipata mshtuko au ugonjwa, na kwamba feruzi inaweza kuwa makao yake. Katika ibada ya kuiita nafsi iliyopotea, jiwe la feruzi hutumika kuipokea, kisha mwenyewe hulivaa. Rangi ya jiwe huangaliwa. Feruzi inayovaliwa kwenye ngozi hunyonya jasho na mafuta, hubadilika polepole kutoka buluu kwenda kijani, na mabadiliko hayo yalisomwa kama habari ya afya ya mvaaji. Dzi nazo husemekana hazikutengenezwa na binadamu. Wengine husimulia kuwa ni vidudu vilivyogeuka mawe vilipoguswa na mkono wa mtu, wengine kuwa ni mapambo ya miungu yaliyotupwa yalipopata ufa. Dzi nyingi za kale zina vishimo vidogo. Si ajali. Watu walichokoa unga wake ukachanganywa katika dawa za thamani za Kitibet. Yaani hata kito kilichoheshimiwa kuliko vyote kililiwa kidogo kidogo na wagonjwa.

Kwangu, hilo la vishimo vya dzi ni ushahidi mzito kuliko hotuba nyingi. Mkusanyaji wa leo huona kishimo na kushusha bei. Aliyekichokoa hakuona kwamba anaharibu kitu. Alikuwa anakitumia kwa kazi yake.

Gau ni vivyo hivyo. Kijaluba chenyewe, hata kikiwa cha dhahabu, ni ganda. Ndani huwekwa karatasi za dua zilizokunjwa, nyuzi zilizobarikiwa na lama (mwalimu wa dini ya Kibuddha), nafaka, udongo wa mahali patakatifu, pengine kipande cha nguo ya mwalimu aliyefariki. Kabla ya kuuza, mwenyewe mara nyingi huvitoa vilivyomo na kubaki navyo. Kwa hiyo gau nyingi zilizo nyuma ya vioo vya makumbusho ni tupu. Mtazamaji anasifia ufuaji, na unastahili sifa, lakini kile ambacho mwanamke yule alikiita gau yake hakikuuzwa kamwe.

Sasa tuje kwenye mali. Katika sehemu kubwa ya Tibet, vito ambavyo mwanamke alikuja navyo kwenye ndoa, au alivyopewa na mama yake, vilikuwa vyake. Akiachana na mume aliondoka navyo. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa sana: dhahabu ya bibi harusi ni pambo siku ya sherehe na ni benki siku ya dhiki. Katika nyanda za wafugaji wa Amdo na Kham, majimbo ya mashariki ya Tibet, ambako hakuna shamba la kurithi na nyumba ni hema la manyoya ya yaki, jambo hili lilikuwa wazi zaidi. Mwanamke alivaa akiba yake. Nywele zake zilisukwa misuko mingi myembamba, kwa desturi 108, hesabu tukufu kwa Wabuddha, na mgongoni ukashuka ukanda wa kitambaa wenye vikombe vya fedha, marijani na madonge ya kaharabu. Katika maeneo ya Litang, huko Kham, kaharabu kubwa kama ngumi ilikaa utosini, ikiwa imepachikwa marijani katikati. Kiunoni ilining'inia kulabu ya fedha ambayo asili yake ni kifaa cha kazi: ilishikilia ndoo wakati wa kukamua. Baadaye ikafuliwa kwa nakshi, ikatiwa mawe, ikawa pambo, na wengine hawaning'inizi tena ndoo juu yake.

Namna vilivyotengenezwa pia inasema kitu. Mawe katika kazi nyingi hayakukazwa kwa makucha ya metali. Yalishikizwa kwa nta au lakiri ndani ya vijumba vyake. Ukipasha moto kidogo, jiwe linatoka. Patruk ni fremu ambayo shanga zake zimeshonewa kwa uzi. Ukikata uzi, una marijani mkononi. Shanga za shingoni zilitungwa na kutunguliwa kila mwana alipooa, kila binti alipoolewa, kila deni lilipodaiwa. Fundi aliyetengeneza pambo la namna hii alijua litavunjwa. Wanaosema vito hivi vilikusudiwa kutumiwa wana hoja hapa, na sijaona aliyeijibu vizuri.

Lakini upande wa pili una mambo mazito, nami ningewadanganya wasomaji nikiyaruka.

Katika nyumba za makabaila wa Lhasa, vito vikubwa havikuwa vya mwanamke. Vilikuwa vya ukoo. Bibi harusi alivikuta nyumbani kwa mume, akavivaa kwa niaba ya nyumba, na angevikabidhi kwa mke wa mwanawe. Patruk ya lulu ilikuwa alama ya cheo cha mume. Wanawake wa chini yake walivaa ya marijani na feruzi, na aliyetazama alijua mara moja kila mmoja anasimama wapi. Zaidi ya hapo kuna desturi ya siku ya harusi ambayo kila ninapoifikiria inanifanya nisite. Wajumbe wa bwana harusi huchomeka mshale wenye utepe mgongoni mwa nguo ya binti na kumwekea jiwe la feruzi kichwani, wakitangaza kuwa tangu sasa ni wa nyumba ile. Jiwe linalohifadhi nafsi ndilo linalotumika kumhamisha mtu kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Anayesema feruzi ilikuwa uhuru wa mwanamke wa Tibet anasema nusu. Na tusisahau kundi kubwa la wanawake ambao hawakuvaa chochote kati ya hivi: watawa wenye vichwa vilivyonyolewa, ambao idadi yao ilichangiwa na desturi ya ndugu kadhaa kuoa mke mmoja ili shamba lisigawanywe, mabinti wengine wakabaki bila mume.

Hoja ya ukabaila nayo haiwezi kupuuzwa kwa sababu tu inatoka Beijing. Mashamba makubwa ya Tibet ya kati yalilimwa na watu waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, wakidaiwa mazao, siku za kazi na huduma ya usafirishaji iliyoitwa ulag. Lulu za Lhasa zililipiwa na shayiri ya watu hao. Tangu mwaka 2009 serikali imeiweka tarehe 28 Machi kuwa siku ya kuadhimisha "ukombozi wa watwana", na vitu vya anasa vya makabaila huonyeshwa kama ushahidi wa mashtaka. Mtu mkweli hawezi kutazama picha za Chapman bila kujiuliza nani aliyebeba mizigo iliyoleta marijani ile.

Ila hoja hiyo inavunjika pale inapodai kuwa imeeleza vito vyote. Mke wa mkulima alikuwa na kipande chake cha feruzi na gau ya fedha au ya shaba. Mwanamke wa Golok, nchi ya wafugaji huko Amdo, mwenye kaharabu mgongoni hakuwa na mtwana hata mmoja. Alikamua yaki zake mwenyewe. Na wakati wa kunyang'anya ulipofika, tofauti hiyo haikuheshimiwa. Baada ya maasi ya Machi 1959 dhidi ya utawala wa China na kukimbia kwa Dalai Lama, kiongozi wa Watibet, mali za makabaila na za mahekalu zilichukuliwa. Watibet waliokimbia husimulia kwamba nguo na vyombo viligawiwa kwa maskini, lakini dhahabu, fedha na mawe havikubaki kijijini. Mwaka 1966 yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, na sasa kuvaa feruzi tu, hata moja, kulikuwa kosa la kung'ang'ania mambo ya kale. Watu walizika vito, walivificha ndani ya kuta, wengine waliona heri kuvitupa. Aliyekuwa amefungwa ardhini kwa bwana hakupewa haki ya kuchagua kama anataka kubaki na jiwe la mama yake. Kama lengo lilikuwa kumkomboa mwanamke yule, hapo lilimpita.

Tofauti kati ya kuuza na kunyang'anywa inaonekana vizuri ukiilinganisha Tibet na Ladakh, ng'ambo ya mpaka, upande wa India, ambako utamaduni ni jamaa lakini historia ilikwenda njia nyingine. Pambo kuu la Ladakh ni perak: ukanda mpana wa ngozi uliofunikwa kitambaa chekundu na kujazwa feruzi, unaoanza kwenye paji la uso na kushuka mgongoni, huku mabawa meusi ya manyoya ya mwanakondoo yakifunika masikio. Umbo lake linafananishwa na nyoka aina ya swila, na feruzi huhusishwa na lu, roho wa majini na chemchemi. Kwa mapokeo, safu tisa za feruzi zilikuwa za ukoo wa kifalme, saba za wakuu, na tano au tatu za wengine. Perak ya malkia inaonyeshwa katika jumba la Stok karibu na Leh. Kwa kawaida perak hurithiwa na binti mkubwa kutoka kwa mama yake.

Ladakh ilipofunguliwa kwa watalii mwaka 1974, walanguzi walifika pamoja nao. Feruzi nyingi ziling'olewa kwenye perak na kuuzwa moja moja, perak nyingine ziliuzwa nzima. Ni hasara? Ndiyo. Lakini familia zilizoamua kutouza zilibaki na perak zao, na leo perak bado huonekana kwenye harusi na sherehe, ikivaliwa na binti wa aliyeivaa, mawe mengine yakiwa yamepungua na mengine yakiwa yameongezwa. Pambo lilipita katika soko likatoka likiwa hai, kwa sababu wenyewe waliachiwa uamuzi. Lhasa haikupata bahati hiyo. Patruk kubwa haikuisha kwa kuuzwa. Iliisha kwa sababu nyumba zilizoibeba zilivunjwa katika muda wa miaka michache, na aliyeivaa mwaka 1958 hakuwa na mahali pa kuivaa mwaka 1960.

Wakimbizi wako katikati, na hapa hukumu inakuwa ngumu. Watu wapatao 80,000 walimfuata Dalai Lama kwenda India, Nepal na Bhutan. Wengi walifika wakiwa na kile kilichofungika kiunoni au kushonwa ndani ya nguo. Kalimpong, Darjeeling, Kathmandu: huko ndiko wanawake walikoviuza vito vyao, ili wanunue mchele, dawa, ada ya shule ya mtoto. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Magharibi walipopita Kathmandu, walinunua marijani na gau kwa bei ambayo leo ingewashangaza wauzaji. Je, mwanamke yule aliamua mwenyewe? Aliamua, ndiyo, na simnyimi heshima ya uamuzi wake; benki aliyoibeba milimani ilimlisha, kama ilivyotarajiwa na aliyempa. Lakini uhuru wa mtu mwenye njaa mbele ya mnunuzi anayejua hivyo ni mwembamba. Bei ilipangwa na dhiki. Kuita biashara ile wizi ni kumfanya mwanamke awe mtu asiye na akili, na kuiita biashara ya kawaida ni kuwasafisha walionufaika.

Ndiyo maana sikubaliani na wakusanyaji wanapojisifu kuwa wao ndio waliookoa vito vya Tibet, japokuwa nakiri sehemu ya madai yao. Ni kweli, kama gau ile isingenunuliwa Kathmandu, huenda ingeyeyushwa. Ni kweli kwamba baadhi ya masonara wa leo, wa Kinewar na wa Kitibet, hujifunza mitindo ya kale kutokana na picha za vitu vilivyo katika makumbusho. Kinachokosekana ni habari. Kibao kilicho chini ya kioo husema "Tibet ya kati, karne ya 19, dhahabu na feruzi", basi. Hakisemi kiliuzwa na nani, lini, wala kama kilitoka kwenye kundi la vitu vilivyobebwa na wanajeshi wa Uingereza, chini ya Francis Younghusband, walipovamia Tibet mwaka 1903 na 1904. Kitu kilichonunuliwa kwa mkimbizi, kilichotolewa zawadi kwa mwanadiplomasia na kilichoporwa vitani vinakaa kabati moja vikiwa na maandishi ya namna moja. Makumbusho yanayotaka tuyaamini kuwa ni walinzi yaanze hapo. Madai ya kurudisha kila kitu siyaungi mkono kwa sasa, maana swali la kwanza litakuwa virudishwe kwa nani, na aliyeko Lhasa mwenye mamlaka ya kuvipokea si binti wa aliyevivaa.

Wakati watu wa makumbusho wakibishana, vito havijalala. Tangu miaka ya 1990 wanunuzi wa Taiwan, kisha wa China bara, waliipandisha bei ya dzi kupita kiasi, hasa ile yenye macho tisa (michoro ya duara), na viwanda vya kuigiza vikafuata. Reli ya Qinghai hadi Lhasa ilipofunguliwa Julai 2006, soko la Barkhor lilijaa wageni, na feruzi za plastiki na mawe meupe yaliyotiwa rangi zikauzwa kando ya zile za kweli. Marijani nayo imekuwa suala la mazingira: marijani nyekundu ya Mediterania hukua polepole mno na imevuliwa kupita uwezo wake, lakini mapendekezo ya kuiwekea udhibiti wa kimataifa wa biashara yalikataliwa mwaka 2007 na tena mwaka 2010. Anayetetea desturi ya kuvaa marijani nyingi anapaswa kulibeba hili pia. Desturi haiwezi kudai bahari isiyokwisha.

Katika sherehe za mbio za farasi za Kham utaona hadi leo familia zikiwavisha mabinti na wavulana mizigo ya dhahabu, kaharabu na marijani inayowafanya watembee kwa shida. Wengine husema huo ni utamaduni uliofufuka. Wengine husema ni maonyesho yanayopangwa na maofisa wa utalii. Kisa cha manyoya kinatusaidia kupima. Januari 2006, akiwa Amaravati nchini India, Dalai Lama aliwasihi Watibet waache kuvaa ngozi za chui milia, chui na fisi maji. Wiki chache baadaye watu wa Amdo na kwingineko walichoma hadharani ngozi zenye thamani kubwa. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa maofisa waliwashinikiza watangazaji wa televisheni na washiriki wa sherehe waendelee kuvaa manyoya, kwa sababu kuchoma kulionyesha wanamtii nani. Vazi ni lile lile. Waliolichoma walikuwa wanaamua mambo ya utamaduni wao, na waliolivaa kwa amri walikuwa wanapambishwa. Mwaka 2009, baada ya machafuko na misako ya mwaka uliotangulia, Watibet wengi walikataa kuusherehekea mwaka mpya, Losar, siku ambayo vito hutolewa sandukuni. Kuacha kujipamba kukawa kauli ya wazi kuliko kujipamba.

Tangu hapo pia umeenea mwenendo wa Lhakar, ambapo kila Jumatano Watibet, walio nchini na walio uhamishoni, huvaa kikwao, hula vyakula vyao na husema lugha yao. Binti wa Toronto au New York huvaa chuba, joho refu la Kitibet, na mkufu. Mkufu huo huenda ni wa kioo, na feruzi yake ni jiwe lililopakwa rangi, kwa kuwa ya bibi yake iliuzwa Darjeeling ili mama yake asome. Wapo wataalamu wanaosikitika wakiona hivyo, wakisema kilichobaki ni kivuli. Mimi naona wanakosea kipimo. Jiwe la kweli liko katika kabati la mtu aliyelilipia na asiyeliomba chochote, wala ulinzi, wala afya, wala nafsi irudi. Binti anaweza kulibarikisha lake kwa lama siku yoyote anayotaka, na akipata kazi nzuri anaweza kununua bora zaidi, alitungue hili, atunge lile, kama walivyofanya waliomtangulia kila mali ilipoongezeka.